Mguu Hauna Spea

(Haya ni maneno niliyozungumza na kikundi chetu cha matembezi hapa Shangani, Mtwara, kabla ya safari ya Newala. Wengi mlikuwa shamba mkipuliza mikorosho, mkaomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.)

Baba zangu, mama zangu, kaka na dada zangu, na nyinyi wanangu mliokaa kule ukutani: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Asante mwenyekiti kwa kunipa nafasi. Umeniomba nizungumze juu ya viatu na nguo za kutembelea, kwa sababu mwezi ujao tunapanda Newala, tunateremka ukingo wa uwanda wa Makonde hadi bondeni upande wa mto Ruvuma, na wengi humu ni mara yao ya kwanza. Nimekubali kwa moyo wote. Nimefanya uuguzi miaka 31, na miaka mingi kati ya hiyo nilikuwa chumba cha kufunga vidonda. Mle ndani wagonjwa wengine nimewajua kwa miguu yao kabla sijazijua sura zao.

Nianze na swali. Nani humu amewahi kununua spea ya pikipiki au ya bajaji? Mikono juu. Naona karibu wote. Tairi, cheni, breki, taa. Haya, nani amewahi kununua spea ya mguu? Mbona mikono imeshuka?

Mguu hauna spea, ndugu zangu. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26. Miguu miwili, mifupa 52. Mwili mzima wa mtu mzima una mifupa 206. Maana yake robo ya mifupa yote Mwenyezi Mungu aliyokupa ameiweka pale chini, mahali unapopakumbuka kwa nadra, mahali unapopavalisha ndala iliyotoboka ukasema itatosha. Safari ya kilomita 15 ni hatua kama 20,000. Kosa dogo la kiatu, likirudiwa mara 20,000, si dogo tena.

Nitawasimulia habari ya mzee mmoja. Jina lake simtaji, na aliko Mungu amrehemu. Alikuwa mvuvi, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuamrisha, na alikuwa na kisukari cha miaka mingi. Mwanawe alimnunulia viatu vya kufunika, vizuri kabisa, avae harusini. Mzee akavivaa asubuhi, akatembea hadi kijiji cha pili, akakaa harusini, akacheza, akala, akarudi kwa miguu jioni. Alipovua, soksi ya kushoto ilikuwa imelowa damu. Akaingiza mkono ndani ya kiatu. Mnajua alitoa nini? Kizibo cha soda. Mjukuu alikuwa akichezea viatu vya babu usiku wa kuamkia harusi, akakitumbukiza humo.

Mzee alitembea siku nzima juu ya kizibo cha soda na hakukisikia.

Hakukisikia kwa sababu kisukari cha muda mrefu huweza kuua mishipa ya fahamu ya miguuni. Maumivu ni mlinzi, na yeye mlinzi wake alikuwa amekwisha ondoka. Kidonda hakikupona. Alikuja kwetu baada ya wiki tatu, tukapambana nacho, mwishowe vidole vitatu vilikatwa. Nilimfunga kidonda kile mwenyewe, siku baada ya siku, na kila siku aliniambia neno moja: "Mwanangu, ningeingiza mkono tu."

Wangapi humu wana kisukari? Sihitaji mikono, hili ni la moyoni mwako. Lakini kuanzia leo, kabla hujavaa kiatu, kigeuze, kikung'ute, halafu ingiza mkono. Fanya hivyo kila siku, hata kwa kiatu ulichokivua saa moja iliyopita. Na usitembee peku hata ufukweni, hata uani kwako, maana mchanga wetu wa saa saba mchana unaunguza, na wewe hutajua mpaka uone lengelenge. Jioni kagua nyayo. Kama macho hayaoni vizuri, mwite mjukuu akuangalizie.

Hata wasio na kisukari, mkono ndani ya kiatu ni kinga. Kijijini nge anapenda kiatu kilicholala nje kuliko anavyopenda jiwe.

Sasa najua kuna wazee hapa wanasema kimoyomoyo: huyu binti anatutisha. Babu zetu walitembea peku kutoka bara mpaka pwani, mama zetu kule Newala na Tandahimba waliteremka bondeni kuchota maji wakapanda tena na ndoo kichwani, peku, kabla mabomba hayajafika uwandani. Mbona walizeeka?

Ni kweli walitembea, na mimi nawavulia kilemba. Uwanda wa Makonde hauna mito juu yake. Maji yako chini, na wanawake waliyafuata chini. Lakini tusiwasifu kwa peku yao tukasahau peku ilichowafanyia. Minyoo ya safura haiingii mwilini kwa mdomo peke yake. Vimelea vyake vinakaa kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, na vinapenya ngozi ya mguu. Vikifika tumboni vinanyonya damu. Yule mama aliyepanda mlima na ndoo huku anahema, macho meupe, viganja vimepauka, wangapi walisema amerogwa? Alikuwa amekosa damu, na damu aliipotezea nyayoni.

Na funza je? Tunamzungumza funza kana kwamba tumezaliwa naye. Babu wa babu zetu hawakumjua. Funza ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini. Mwaka 1872 meli iliyotoka Brazil ilimleta Angola, upande wa pili kabisa wa bara hili, na kutoka pale akavuka Afrika nzima kwa miguu ya watu, kambi hadi kambi, njia hadi njia, mpaka akafika pwani yetu karne ile ile ikielekea mwisho. Kwa hiyo ukisema wahenga walitembea peku bila matatizo, basi wahenga hao walitembea kwenye ardhi isiyokuwa na funza. Ardhi hiyo haipo tena.

Niseme jambo moja kwa uchungu. Tuna methali: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nimeisikia ikitamkwa mbele ya wagonjwa, na sijawahi kuipenda mahali pale. Mtu hakuvaa kiatu kwa sababu hakuwa nacho, au alikuwa nacho kimoja akakihifadhi cha msikitini au cha kanisani. Kwangu mimi anaambiwa pole. Halafu anatafutiwa kiatu.

Haya, kiatu kipi? Ndilo swali mlilokujia.

Jibu langu litawachosha wanaopenda majina ya viwanda. Kiatu anakichagua ardhi. Dukani unakwenda tu kukilipia. Jiulize kwanza: nakanyaga nini?

Tukitembea Msimbati, kwenye mchanga na kwenye mwamba wa matumbawe maji yakitoka, yeboyebo ya plastiki yenye mkanda nyuma inakutosha kabisa. Inapitisha maji, haiozi, na matumbawe hayakukati. Ndala haifai pale, inabaki kwenye tope la mikoko na wewe unaendelea na mguu mtupu. Ukitembea njia kavu za mashambani, kwenye kichanga na miiba, katambuga za tairi ni kiatu cha heshima. Msizidharau. Ni nadra mwiba wa kwetu kupita soli ya tairi. Udhaifu wake ni mbele na juu: vidole viko wazi, na mikanda ikilowa inachuna ngozi. Wakati wa masika, palizi na mabonde yenye udongo mfinyanzi, vaa gambuti shambani, nyoka akigonga anagonga mpira. Lakini usiende nazo matembezi ya muda wa saa tano. Mguu unachemka humo ndani, kisigino kinapanda na kushuka, na ukifika unayo supu.

Kwa Newala tunahitaji kitu kingine. Mteremko ni mkali, kuna changarawe inayoteleza juu ya udongo mgumu, kuna mizizi, kuna mawe. Hapo nataka kiatu cha kufunika chenye kamba, soli yenye meno, kisigino kigumu kinachoshika. Raba nzuri inatosha. Buti linalopanda juu ya kifundo ni bora zaidi kwa aliyewahi kuteguka. Na wanaokwenda Masasi kupanda yale majabali, hao wanahitaji zaidi mpira laini unaong'ang'ania mwamba kuliko meno marefu. Soli iliyokuwa kipara kama tairi la bajaji la mwaka juzi haiendi popote na sisi.

Ngoja niwape kisa changu mwenyewe, maana kilinifunza zaidi ya kitabu.

Miaka michache iliyopita nilikuta mnadani buti za ngozi, za mtumba, gredi ya kwanza. Soli haijalika hata kidogo. Ngozi inang'aa. Nikasema huyu mwenyewe wa Ulaya alizivaa mara mbili akaziweka kabatini. Nikalipa shilingi 45,000, nikazipaka mafuta, nikaziweka kabatini kwangu nazo zikasubiri mwaka mwingine mzima. Siku ya safari nikavaa. Tulisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni kule Newala, tukaangalia bonde lote lile mpaka kule Msumbiji, kila mtu kimya. Kisha tukaanza kuteremka.

Baada ya nusu saa nikahisi mguu wa kushoto unakanyaga kitu laini. Nikageuka, nikaona nyuma yangu vipande vyeupe njiani, kama mkate uliokauka. Vilikuwa vinatoka kwenye kiatu changu. Ile tabaka ya povu iliyo kati ya ngozi na soli ya chini ilikuwa inamomonyoka. Dakika kumi baadaye soli nzima ikafunguka mdomo. Kabla hatujafika nusu ya mteremko, cha kulia nacho kikafuata.

Nilikaa chini. Bibi mmoja alikuwa anapanda, kuni kichwani, katambuga miguuni. Akasimama, akatua mzigo, akafungua kamba moja kati ya mbili zilizofunga kuni zake, akapiga magoti, akanifunga buti zile kama anavyofungwa mtoto mgongoni. Akasema, "Pole, mwanangu. Teremka polepole." Akajitwisha, akaenda zake na mzigo wa kamba moja. Nimefika chini kwa kamba ya yule bibi.

Kwa nini buti ambalo halijatembea lilikufa? Niliuliza sana baadaye. Ile povu laini inayoitwa poliuretini ina adui mmoja, unyevu wa hewa. Mwaka hadi mwaka unyevu unaivunja kimyakimya, hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Na sisi tunaishi wapi? Pwani. Hewa ya Mtwara na Lindi ina maji na joto mwaka mzima. Kiatu cha miaka kumi ambacho hakijavaliwa kinaweza kuwa kimekwisha kufa, kinangoja tu ukikanyage.

Kwa hiyo ukienda mnadani fanya hivi. Bonyeza povu la pembeni kwa ukucha. Likirudi, vizuri. Likibaki na shimo, au likitoa unga, rudisha kiatu hata kama ni cha bure. Kikunje: kinatakiwa kikunjike pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kisokote kama unakamua nguo, kikisokoteka kirahisi hakitakushika mlimani. Kiweke juu ya meza utazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelalia upande mmoja, aliyekivaa kabla yako alikuwa na mwendo wake, na mwendo huo utakuwa wako. Halafu, hata kikiwa kizima, mpelekee fundi viatu akishone soli kuzunguka pande zote kwa uzi wa nailoni. Gundi ya ng'ambo haikutengenezwa kwa jua la hapa. Uzi wa fundi wetu ni bima. Lakini sikilizeni: uzi unaokoa gundi, hauokoi povu lililooza. La kwanza ukucha, la pili uzi.

Na saizi? Hapa ndipo watu wengi wanaumia, na hawajui kwa nini.

Nunua kiatu jioni. Mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi, na kwenye joto na mwendo unavimba zaidi. Nenda na soksi utakazotembea nazo. Jaribu miguu yote miwili, kwa kuwa karibu kila mtu mguu mmoja unauzidi mwingine, na unanunua kwa ule mkubwa. Simama, usikae. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Na mama zangu, mama zangu, msiniambie mnavaa namba ile ile mliyovaa mkiwa wasichana. Mguu unatanuka na kurefuka kwa umri na kwa uzazi. Pima upya.

Yule ambaye miguu yake imepungua hisia asiamini anavyojisikia, maana kiatu kinachobana kwake kitaonekana ndicho kinachoshika vizuri. Simama juu ya karatasi ngumu ya boksi, mtu akuchoree mguu kwa kalamu, kata umbo lile, nenda nalo dukani. Litumbukize ndani ya kiatu. Likikunjika kingo, kiatu hicho ni chembamba, hata muuzaji aape. Njia hii haina gharama, na ningekuwa na uwezo ningeibandika kila duka la viatu la mkoa huu.

Kiatu kipya usikijaribie safarini. Wiki tatu nenda nacho sokoni, nenda nacho kazini. Ukisikia panapoungua, hapo ndipo lengelenge litakapotokea. Lengelenge linatoka kwa joto, unyevu na msuguano vikikutana. Ukiona panaungua, simama hapo hapo, usisubiri mapumziko, bandika plasta. Usione haya kutusimamisha. Kikundi kizima kikingoja dakika tano ni afadhali kuliko vijana wanne kukubeba.

Kabla ya mteremko kaza kamba kwenye kifundo, kisigino kirudi nyuma, vidole visigonge mbele. Kucha zikatwe siku mbili kabla, na zikatwe moja kwa moja, msizizungushe.

Soksi nitasema haraka. Soksi ya pamba tupu ikilowa jasho haikauki, ngozi inalainika kama ya aliyefua mchana kutwa, inachubuka. Tafuta zenye sufu au nyuzi za michezo, kwenye mtumba zimejaa kutoka nchi za baridi na watu wanazipita. Beba jozi ya pili kavu. Basi.

Kama mnadhani natia chumvi juu ya miguu, tazameni jirani zetu hapa Mikindani, kilomita kama 10 tu kutoka tulipokaa. Mwaka 1866 David Livingstone alishukia pale akaanza safari yake ya mwisho kwenda bara. Alikuwa daktari, na alikuwa ametembea Afrika kwa miaka mingi. Mwaka 1870, huko Manyema, mashariki ya Kongo ya leo, baada ya kutembea kwenye tope na kuvuka maji siku baada ya siku, miguu yake ilitoka vidonda visivyopona. Vilimlaza siku zipatazo 80. Mtu ambaye homa na njaa havikumsimamisha, alisimamishwa na ngozi ya miguu. Na yeye alikuwa daktari. Wewe na mimi je?

Nihamie kwenye nguo.

Nguo ya matembezi ina kazi tatu hapa kwetu: jua, wadudu na majani, na baridi. Naona mnashangaa baridi. Nitafika.

Jua kwanza. Mikono mirefu, kofia ya pama yenye ukingo unaofika masikioni na shingoni. Kofia ya kepu inaacha masikio na kisogo. Na hapa nasema na wazazi wenye watoto wenye ualbino, na wenzetu wenye ualbino waliopo hapa leo. Karibuni, tunatembea pamoja. Ngozi yenu haina kinga ya rangi, na saratani ya ngozi inaanza na kuungua kule kwa kila siku tunakokuzoea. Nimefunga vidonda hivyo. Nimevifunga kwa vijana. Nguo iliyofumwa kwa kubana, mikono mirefu, suruali au sketi ndefu, pama pana, na mafuta ya kuzuia jua pale nguo isipofika. Na sisi wengine tupange safari kwa ajili yao: tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tano tuwe kivulini. Kikundi kinachowaacha nyuma kwa sababu ya saa ya kuondoka, mimi simo.

Wadudu na majani. Safari yetu ni Julai, na wakati huo maganda ya upupu yamekauka. Wageni hawaujui upupu. Sisi tunaujua. Yale manyoya yake yakikugusa shingoni upepo ukivuma, utavua shati mbele ya mkwe. Mikono mirefu, kola imefungwa, suruali imechomekwa ndani ya soksi. Ukipatwa usijikune, unayazamisha. Vua ile nguo, kaoge kwa maji mengi. Suruali iliyochomekwa inazuia na kupe pia.

Nyoka. Kwenye njia zetu wa kuogopwa zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Analala njiani, rangi ya majani makavu, anangoja. Watu wanamkanyaga. Anauma mguu na kifundo, ndiyo maana kiatu cha kufunika na suruali pana, isiyobana shavu la mguu, vinasaidia. Meno yanaweza kuishia kwenye kitambaa. Ukiumwa, usikate, usinyonye, usikaze kamba. Tulia, mguu usichezeshwe, ubebwe hospitali.

Wale mnaokwenda Liwale, kuelekea hifadhi ya Nyerere, acheni nyumbani nguo za buluu na nyeusi. Mbung'o anazifuata rangi hizo; hata mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Vaa kaki, vaa rangi ya vumbi. Na iwe nzito kidogo, nyembamba anaitoboa.

Mama zangu, dera. Nalipenda dera, mimi mwenyewe nimevaa sasa hivi. Lakini kwenye mteremko dera linakanyagwa. Mwenzetu mmoja alianguka hivyo, mkono ukavunjika, na kosa lake lilikuwa sentimita kumi za kitambaa. Anayetaka stara yake, na ni haki yake, avae suruali pana chini, na dera au baibui lipandishwe liishie kwenye kifundo, lifungwe kiunoni kwa kanga. Hakuna anayepungukiwa heshima. Vijana na nyinyi, jinzi mbaki nazo mjini. Ikilowa inakuwa nzito, inasugua mapaja, haikauki hadi kesho.

Sasa ile baridi. Uwanda wa Makonde sehemu zake za juu unakaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Julai kusi inavuma, alfajiri kuna ukungu, na mtu wa Shangani aliyetoka na fulana anatetemeka mpaka meno yanagongana. Halafu saa nne jua linawaka. Kwa hiyo vaa nyepesi mbili tatu, juu ya mwenzake, uvue moja moja. Ya ndani isiwe pamba nzito, ikilowa jasho inakupoza upepo ukipiga. Jezi ya mpira inatosha, inakauka haraka. Ya Simba au ya Yanga, hilo sitaliingilia.

Na kila mtu abebe kanga au kikoi. Wanaume pia. Kanga ni kivuli, ni taulo, ni kitanda cha kukalia, ni kombeo la mkono uliovunjika. Yule mwenzetu aliyeanguka alishuka mlimani mkono wake ukiwa umefungwa kwa doti moja ya kanga, na daktari alipoifungua alituuliza nani kaifunga.

Nimemaliza kusema, lakini hatujamaliza. Mwenyekiti, naomba dakika kumi. Pale chini ya mwembe amekaa fundi viatu, ana sindano na uzi wa nailoni, nimemwomba mwenyewe aje. Anashona kwa bei ya kawaida, na wasio nayo leo watanifuata mimi.

Sasa kila mtu avue viatu alivyokusudia kwendea Newala, kama hukuja navyo vua ulivyovaa. Viwekeni mbele yenu, soli juu. Ingizeni mkono ndani kwanza, kila mmoja, nataka kuona. Vizuri. Haya, ukucha pembeni ya soli, bonyezeni. Naanza na safu ya nyuma, wale wa ukutani.